Bobini ya Bwana Shamba

Kopo lilifika Kasulu na basi la asubuhi kutoka Kibondo, limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na kondakta alilitua juu ya kaunta ya duka la Haidari la vipuri bila maelezo yoyote. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Haidari alilitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua nazi, akasikia kitu kikigusa kuta zake taratibu, akafurahi. Tuseme ukweli tangu mwanzo: alifurahi. Baadaye alikuja kujilaumu kwa mengi, ila furaha ile ya kwanza ndiyo iliyomtia aibu kuliko yote.

Ndani, katikati ya pamba safi, ilikuwamo bobini.

Haidari alikuwa mkusanyaji wa rili za zamani za kuvulia samaki, vile vimashine vinavyofungwa kwenye ufito na kuzungushwa kwa mkono ili kuukunja mshipi. Zile kubwa za baharini hakuzitaka hata kuziona. Alipenda nyepesi, za kufumbatwa kiganjani, zilizotengenezwa enzi ambazo mafundi walikuwa bado wanaona haya kuuza plastiki. Nyingine aliziokota kwenye stoo za misheni, nyingine kwa wajukuu wa wafanyabiashara wa Kihindi waliohama, nyingine kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako Wakongo walifika nazo kutoka ng'ambo ya Ziwa. Alizifungua, akazisafisha meno, akazitia oili ya cherehani, akazipanga kwenye kabati la vioo nyuma ya cheni na pedeli za baiskeli. Bobini ni sehemu ya mbele, inayobeba mshipi. Jina aliliazima kwa mafundi cherehani, na kwa kuwa mjini hapakuwa na mwenye rili mwingine wa kumsahihisha, likabaki.

Alifungua kabati, akatoa kiwiliwili cha rili kilichokuwa hakina bobini, akaipachika. Vikashikana kwa mlio mdogo. Alizungusha mkono wa rili, ukaenda laini, hauna mkwaruzo. Akamwita mkewe kutoka uani.

"Mama Nasma, njoo uone. Imetimia."

Swaumu alikuja akijifuta unga mikononi. Aliitazama rili, akalitazama kopo.

"Bwana Shamba amesemaje?"

"Ameituma tu."

"Hakuna salamu?"

Haidari alichambua pamba tena, akachungulia mpaka chini ya kopo. "Hakuna."

"Baba Nasma, uliiomba?"

"Nilimwambia Akimana aitume. Nilihofia itapotea."

Swaumu alikaa kwenye gunia la matairi, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya mbele ya wateja. "Umemwomba mgonjwa kitu chako," alisema. "Mume wangu, umemzika mwenzio na bado anapumua."

Hapo ndipo furaha ilipomtoka Haidari, ikatoka yote kwa mkupuo.

Huyo Bwana Shamba ni Reverien, ofisa kilimo mstaafu wa Murungu, upande wa Kibondo. Hawakuwa ndugu, hawakuwa dini moja, hawakukaa mji mmoja. Walijuana siku moja tu, miaka mingi nyuma, wakati soko la pamoja la kambini lilikuwa bado linaruhusiwa, na walijuana kwa kugombana. Mkongo mmoja aitwaye Athanase alikuwa ametandika kitenge chini, na juu yake, katikati ya vijiko na redio mbovu, kuna rili. Mikono miwili ikaishika kwa wakati mmoja, mmoja wa Haidari na mwingine wa mtu mrefu mwenye kofia ya ukindu. Hakuna aliyekubali kuiachia.

"Papa, hii iko ya bazungu ba zamani ba Kalemie," alisema Athanase akiwatazama kwa zamu. "Iko nzima, angalia tu. Lakini iko moja, na nyinyi muko babili."

Wakabishana mpaka watu wakajaa. Mfugaji mmoja alisema wapigane tu yaishe. Mwishowe Athanase alichoka. Akaichukua rili, akabonyeza kitufe kilicho usoni mwake, bobini ikachomoka. Kiwiliwili akampa Haidari, bobini akampa yule mrefu.

"Voilà. Mugawane hivyo, bapapa. Mwenye anataka kuvua, atafute mwenzake."

Alisema kwa utani, ila wale wawili walikuwa na vichwa vigumu vya kutosha kuufanya utani kuwa sheria. Tangu siku hiyo Haidari alikaa na kiwiliwili Kasulu, Reverien akakaa na bobini Murungu, na hakuna aliyeweza kuvua na rili ile bila kumfuata mwenzake. Walikutana kwenye daraja la Malagarasi, kila mmoja akitokea upande wake. Walishuka chini kwenye miamba, mbali kidogo na pale panapojulikana kuwa na mamba, na kabla ya yote wakapachika bobini kwenye kiwiliwili. Mlio ule ukisikika, Reverien alivua kofia na kusema, "Tumefunga ndoa." Haidari alijibu kwamba ndoa ya Mkatoliki na Mwislamu ina matatizo yake, na Reverien alisema matatizo anayo Tajiri, kama alivyozoea kumwita mwenye duka huyo, maana yeye ndiye aliyebeba mwili wote. Walicheka kila mara. Wake zao waliosikia simulizi hiyo hawakuona cha kuchekesha.

Walivua kwa kupokezana. Kijiko cha bati chenye ndoano, walichokigonga wenyewe kiwe chambo, kiliruka juu ya maji, kikazama, na rili ikaanza kukunja. Haidari alikuwa na nyingine nzuri kabatini, tena nyingine nadra kuliko hiyo, lakini hakuna iliyokunja namna ile. Ukiishika unahisi maji yenyewe, unahisi kijiko kinavyopepesuka kule chini, na samaki akigusa, anakugusa wewe mkononi. Kitu kama hicho ukikiweka kabatini milele, umekinyima haki yake. Haidari aliliamini hilo. Ndiyo maana alichokuja kukifanya hakieleweki kirahisi.

Reverien alipigwa na kiharusi akipalilia maharage. Upande wa kulia ukafa, mkono na mguu. Haidari alipopata habari alimpigia simu Akimana, binti wa Reverien anayemuuguza, akatuma sukari na sabuni kwa basi, akasema atakwenda mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki ukaja na mzigo wa matairi kutoka Kigoma. Uliofuata ukaja na harusi. Tunajua sote jinsi safari ya kumwona mgonjwa inavyoahirishwa na mtu anayeogopa kumwona.

Kisha dereva mmoja akamwambia, katika maongezi tu, kwamba kwa Bwana Shamba wanakarabati nyumba, vitu vyote viko nje, na wanunuzi wa chuma chakavu wanapita kule kila siku na mizani zao. Haidari hakulala vizuri. Aliiona bobini ikitupwa kwenye gunia pamoja na sufuria zilizotoboka. Asubuhi alimpigia Akimana, na maneno yake, ambayo baadaye aliyarudia kichwani mpaka yakamchosha, yalikuwa haya: "Ile bobini, msije mkaitupa. Nitumie tu kwa basi nikuhifadhieni."

Akimana alijibu, "Sawa, baba mdogo."

Katika ukoo wa Reverien, mtu akilala kitandani kwa ugonjwa, kila kilicho cha watu kwake hukaa kilipo. Umemwazima jembe, liache. Amekuwekea mbuzi, mwache. Kukifuata ni kumtangazia mgonjwa kwamba umeshauona mwisho wake na unawahi kabla ya wengine. Mamake Swaumu alizaliwa huko, na Swaumu alilijua hilo tangu utotoni. Haidari alizaliwa Kasulu na aliwahi kulisikia zaidi ya mara moja. Hakuwa na wa kumsingizia. Hofu ya mkusanyaji ilimpanda kichwani, akasahau kuwa upande wa pili wa bobini kuna mtu.

Alifunga duka siku iliyofuata, akapanda gari la Kibondo na kopo mapajani, na kutoka barabara kuu akachukua bodaboda mpaka Murungu.

Reverien alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya nyumba, mguu umenyooshwa, mkono wa kulia umelala juu ya paja bila kazi. Alikuwa amekonda. Kofia ya ukindu ilikuwa ileile, kichwa kimepungua ndani yake. Haidari alisimama mwanzo wa ua, akainama kidogo, akapiga makofi polepole kama wanavyosalimiana watu wa huko.

"Mwakeye, Bwana Shamba."

Reverien alimtazama. Hakupiga makofi. Haidari aliutazama ule mkono uliokufa, akajisemea kwamba masikini, atapigaje makofi na mkono mmoja. Akasogea, akakaa kwenye benchi, akaweka kopo kati yao.

"Nimeirudisha," alisema. "Nilikosea. Niliambiwa mnakarabati nyumba, nikaogopa."

"Ukaogopa nini?" Sauti ya Reverien ilikuwa nzito, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo.

"Isipotee."

"Haijapotea. Si umeipata?" Alisubiri mpaka pumzi ikamrudia. "Wewe hukuniuliza kama nakula. Hukuniuliza kama nalala. Uliuliza bobini. Basi nimekupa. Kwetu kitu kilichofuatwa kwa mgonjwa hakirudi tena. Kipeleke kabatini kwako."

Haidari aliomba radhi kwa kila njia aliyoijua. Aliapa. Alizungumzia daraja, samaki, ile siku Reverien alipoteleza na kuingia majini na kofia yake. Reverien alifumba macho kama mtu anayesubiri mvua ipite. Mwishowe Haidari alichukua kopo lake, akainuka.

Akimana alimsindikiza mpaka njiani. Mahindi yalikuwa yamekauka pande zote, majani yanapiga kelele kwa upepo.

"Usimchukulie vibaya kwa kutokuitikia, mwanangu," Haidari alisema, akijaribu kuonekana mtu mwenye busara. "Mkono wenyewe ndio huo. Makofi atapigaje?"

Akimana alitazama chini. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto wake, na hakupenda kumwumiza mtu. "Baba mdogo, baba anaitikia wote," alisema. "Anapiga paja. Mkono wa kushoto anaupiga pajani, paa, paa. Hata watoto anawaitikia hivyo."

Haidari alipanda bodaboda, na njia nzima alisikia sauti ya paja lisilopigwa.

Kasulu biashara iliendelea. Watu walinunua spoku na breki, na Haidari aliwarudishia chenji bila kuwatania. Rili kamili ilikaa kabatini, nzuri kuliko zote, na kila alipopita mbele ya kioo aligeuza uso upande wa matairi. Swaumu alimwona. Hakumkumbusha kosa lake, na kwa hilo Haidari alimshukuru kimoyomoyo kila siku.

Siku moja alipiga moyo konde, akaenda darajani peke yake. Alijiambia rili ni ya kuvulia, na kwa kuwa imetimia mikononi mwake, dhambi kubwa zaidi ni kuilaza. Alishuka kwenye miamba yao, akafunga kijiko cha bati, akatupa. Mshipi ulitoka kwenye bobini ya Reverien bila kukwama, na hapo akagundua kitu. Mshipi ulikuwa mpya. Mtu alikuwa ameutoa ule wa zamani na kuuzungusha huu kwa uangalifu, mzunguko juu ya mzunguko, umelala sawasawa mpaka ukingoni. Mikono yote miwili inahitajika kwa kazi hiyo. Maana yake Reverien aliufunga kabla hajaanguka, akijiandaa kwa safari yao ya baadaye.

Samaki alikula papo hapo, wa magamba makubwa, mwenye nguvu. Rili ilikunja kama kawaida yake. Haidari alimvuta mpaka miambani, akamshika chini ya mashavu, akageuka kumwonyesha mtu. Nyuma yake palikuwa na mwamba tu na mfuko wake wa plastiki. Alimtoa ndoano samaki yule, akamrudisha majini, kisha akakaa na kulia, mtu mzima na ndevu zake, bila kuona sababu ya kujizuia.

Alipomaliza kulia alinawa uso, akaishika rili, akabonyeza kitufe. Bobini ikachomoka. Akaitia mfuko wa shati. Kiwiliwili kikabaki kiganjani, kifupi, hakina uso. Alikitazama muda mrefu. Hicho ndicho alichokisafisha kila wiki kwa miaka, alichokificha hata kwa wajukuu, ambacho aliwahi kukataa kumuuzia mzungu wa shirika moja aliyekuja dukani mara tatu. Kikienda Murungu, kinaweza kukaa nje mvuani. Reverien akifa, na Mungu apishe mbali, mtu wa mizani atakibeba na hakuna atakayejua. Haidari aliyafikiria yote hayo, moja baada ya jingine, na alipoyamaliza alikuwa bado anataka kukituma.

Alikitia kwenye kopo lilelile, kwenye pamba ileile, akalifunga kwa mpira uleule. Kondakta alipouliza aseme nini, Haidari alisema asiseme kitu.

"Na akikinyamazia?" Swaumu aliuliza jioni hiyo, wakila.

"Kitakaa kwake."

"Milele?"

"Kitu huachwa kwa mtu ambaye utamkuta," alisema Haidari. "Mimi nimemwachia."

Swaumu alimwongezea mchuzi.

Mvua zikaanza. Watu wakapanda maharage. Kutoka Murungu hakuna simu wala salamu, na Haidari aliacha kuyatazama mabasi, au tuseme alijifunza kuyatazama bila kuonekana. Bobini aliiweka peke yake kwenye rafu ya katikati, na wateja waliouliza ni ya cherehani gani aliwajibu kwamba cherehani yake iko Kibondo.

Akimana aliingia dukani siku ya gulio, alikuwa amekuja Kasulu kumwona shangazi yake mmoja. Aliamkia, akakaa, akanywa soda mpaka nusu. Haidari alimuuliza kama baba yake anakula. Alimuuliza kama analala. Alimuuliza kama mguu unakanyaga.

"Anakula," alisema Akimana. "Analala. Anatembea na fimbo mpaka kwenye migomba. Ila kile kimashine chako hakiachi. Asubuhi anakishika kwa magoti, anakizungusha kwa mkono wa kushoto. Mchana anakizungusha. Mama anasema kelele zake zinamwudhi, baba anamwambia basi ondoka wewe." Aliishusha chupa. Alionekana kuona haya kidogo. "Amenituma kwako. Amesema niseme hivihivi, nisiongeze wala nisipunguze."

Haidari alishika ukingo wa kaunta.

"Amesema: ile bobini, msije mkaitupa. Umtumie tu kwa basi akuhifadhie."

Kwanza Haidari hakuelewa. Halafu akaelewa, na kicheko kikamtoka kutoka chini kabisa tumboni, akacheka mpaka akakalia lile gunia la matairi, mpaka Swaumu akatoka uani kuangalia kuna nini. Alipofika alimkuta mumewe anafuta macho kwa kitambaa cha oili na kujipaka weusi uso mzima.

"Amenidai," Haidari alimwambia. "Mama Nasma, Bwana Shamba amenidai kitu chake. Ananihesabu mimi ndiye maiti."

"Nimjibuje?" Akimana aliuliza.

"Usimjibu. Mimi naenda na gari linalotangulia."

Alifika Murungu mvua imekatika, ua umejaa matope. Reverien alikuwa kwenye kiti chake, kiwiliwili cha rili kimebanwa kati ya magoti, mkono wa kushoto unazungusha. Kilikuwa kinang'aa kwa mafuta ya kupikia, jambo ambalo siku nyingine lingemfanya Haidari apige kelele. Alisimama mwanzo wa ua, viatu vimezama, akainama, akapiga makofi polepole.

"Mwakeye, Bwana Shamba."

Mkono wa kushoto uliacha kuzungusha. Reverien alimtazama kuanzia viatuni mpaka kwenye uso ambao bado ulikuwa na weusi wa oili pembeni. Alichukua muda wake, na Haidari aliuona ni haki yake kuuchukua. Kisha ule mkono ukainuka, ukapiga paja, paa, paa.

"Mwakeye, Tajiri," alisema. "Nilidhani umeshakufa, nikasema vitu vyangu vitapotea."

"Bado nipo."

"Naona. Sogea basi, mimi mkono wa kuipachikia sina."

Haidari alipiga magoti kwenye matope, akaitoa bobini mfukoni mwa shati. Reverien alikishika kiwiliwili kwa mkono wa kushoto, akakikaza, na Haidari akasukuma mpaka mlio ule ukasikika. Reverien aliachia rili ikabaki mikononi mwa mwenzake, akainua mkono mpaka kichwani, akavua kofia.